Nilivyokiposea Chuo Binti wa Mtongwe

Siku ya kwanza kazini sikupewa kalamu, nilipewa ufagio. Mkuu wa Chuo wa wakati huo, mtu mrefu asiyecheka, aliniuliza jina na nimesoma hadi wapi. Nikamwambia Mbwana, darasa la tano. "Basi fagia vizuri," akasema. Nikafagia ofisi za chuo kile cha ufundi, Changamwe, miaka minne, na kila karatasi niliyoiokota niliisoma kabla ya kuitupa. Ndivyo nilivyojifunza udahili, yaani kazi ya kuwapokea wanafunzi na kuwaandikisha. Wewe unayesoma haya pengine una shahada. Mimi nina karatasi za pipani, na sioni haya kusema.

Karani wa udahili alipohama, Msajili alinijaribu mwezi mmoja. Msajili ndiye mwenye daftari kuu. Asiyeandikwa humo si mwanafunzi, hata akilala darasani. Kazi yangu ilikuwa kutoa barua za nafasi, zile za kumwambia mtu amechaguliwa, na kuhakikisha mzazi ametia sahihi.

Nikakosea mapema. Binti mmoja wa Mtongwe, kule Likoni, jina lake Mwanajuma, alichaguliwa ufundi wa umeme. Alikuja mwenyewe kuulizia, nami nikampa barua mkononi. Babake, Mzee Bakari, mkulima wa mihogo, akaona watu wa nje wamemwandikia bintiye bila yeye kuambiwa. Akaifungia barua sandukuni. Nikaenda Mtongwe na faili kwapani, nikasimama uani kumweleza taratibu za chuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwetu wapi. Nikamwambia Kisauni.

"Na huko Kisauni huomba hivi? Peke yako, umesimama, kama mtu aliyekuja kusoma mita?"

Nilivuka feri kurudi nikiwa sina uso. Mtu wa pwani mzima, faili limenisahaulisha adabu za kwetu.

Daftari lilikuwa lifungwe Ijumaa. Jumatano nikarudi, nimevaa kanzu, na wazee wawili wa mtaani kwangu. Barua mpya nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa cheupe, kama barua ya posa. Tukaketi mkekani, mzee wetu mmoja akasema tumekuja kukiombea chuo binti. Mzee Bakari akaipokea kwa mikono miwili. Lakini mwenye binti hajibu papo hapo, ataonekana amemchoka. Akatuambia turejee baada ya siku saba, au aje yeye.

Siku saba, na Ijumaa ni kesho kutwa.

Msajili alicheka nilipomweleza. "Mbwana, hiki ni chuo, si harusi. Hiyo nafasi nampa mwingine."

"Bwana Msajili," nikamwambia, "nimekwenda kule na wazee wa watu. Ukilifuta jina lile, nirudishie ufagio wangu, maana Likoni sitapakanyaga tena."

Alichukua penseli, akaliandika jina. "Jumatano, saa sita mchana. Baada ya hapo nafuta."

Jumatano ile niliketi nikitazama lango. Saa tano na nusu Mzee Bakari akaingia langoni, bintiye nyuma na sanduku lake. Mzee hakumtazama Msajili kabisa, alikuja moja kwa moja kwangu.

"Uliomba, nimekupa. Akiumwa, niite. Akilia, alie kwako."

Nikasema inshallah, nisijue kuwa nimepokea kazi ya pili. Mwanajuma alikuwa msichana peke yake karakanani. Wavulana wakimfichia koleo na kumuuliza mchumba yuko wapi. Akawa anakuja kulia kwenye benchi nje ya ofisi yangu. Nikawa nampa maji na kukaa naye. Wengine wakaona, nao wakaanza kuja. Miaka baadaye wakubwa wakaiita kazi hiyo ushauri nasaha, wakanipa chumba chenye mlango, wakanipeleka mafunzo ya majuma mawili, nikafundishwa kuwa mshauri husikiliza zaidi ya kusema.

Siku ya vyeti Mzee Bakari alikuja kumchukua mwanawe. Akanivuta kando.

"Alilia?"

"Mwaka wa kwanza, karibu kila juma."

"Na hukuniita."

"Ulisema alie kwangu, mzee."

Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Nilisema, ndiyo. Lakini wallahi, miaka miwili nimekuwa nikiketi barazani nikingoja uje, hata uniambie hajambo."

 Nilimwangalia mtoto nikamsahau babake.

Baada ya hapo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilitembelea nyumba za wanafunzi, Mtongwe, Utange, Bombolulu. Wakubwa waliniuliza safari hizo ni za nini, na katika fomu niandike nini. Nimestaafu sasa, na binti aliyeshika nafasi yangu, msomi hasa, ameniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia aandike kwamba amekwenda kusema hajambo. Mama mmoja wa Utange, nilipomwambia mwanawe hajambo, aliketi chini mlangoni pake, akalia, kisha akaniuliza kama nimekula.