Hesabu ya Watoto wa Bibi

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, nilikatazwa mambo mengi nyumbani kwa Bibi, na mengi niliyakubali bila shida. Usipige mluzi ndani. Usikalie kinu. Usimruke mtu aliyenyoosha miguu. Lakini lile la kutohesabu watu halikuniingia akilini hata kidogo. Mimi nilikuwa naongoza hisabati darasa zima, shule yetu kule mjini, Sakina, na nilikuwa na kidomodomo cha kumtangazia kila mtu jambo hilo. Nilihesabu ngazi, nilihesabu migomba, nilihesabu mara ngapi mchungaji alisema "wapendwa" ndani ya ibada moja. Leo ninakatazwa kuhesabu shangazi zangu?

Bibi akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu, "Wapo wa kutosha." Mgeni aking'ang'ania, alianza kuwataja majina, kuanzia Shangazi Naomi, mkubwa wao, hadi Baba mdogo Eliya, kisha ananyamaza, mgeni ajumlishe mwenyewe akipenda.

"Watu wanaitwa," aliniambia siku moja tukichambua maharage. "Ukimhesabu mtu, umemwonyesha kwa kitu kinachotafuta cha kuchukua."

Hicho kitu ni nini? Sikuambiwa. Na Bibi huyu alikuwa mama wa kwaya, Mlutheri wa kitambaa cheupe kichwani, hakosi ibada hata Mlima Meru ukimwaga mvua namna gani. Sikuwahi kuona dini yake na hofu yake zikigombana. Mimi mwenyewe nimesoma, nimefundisha, sasa nimestaafu, na bado simruki mtu aliyenyoosha miguu.

Mwaka ninaousema, Krismasi iliwakutanisha watoto wote wa Bibi pale nyumbani, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Na mimi nilikuwa na kazi ya likizo: mwalimu alitaka tuandike ukoo wetu, majina na idadi. Basi mchana, watu wamekaa uani wanakula loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi, ndizi na maziwa mgando ambao Bibi aliupika kuliko mtu yeyote mlimani, nikapanda kwenye kizingiti cha jiko na daftari langu. Nikanyoosha penseli. Nikaanza na Shangazi Naomi, nikampita Baba yangu, nikamalizia kwa Eliya aliyekuwa anachekelea ubavu wa mbuzi.

"Saba!" nikatangaza. "Watoto wa Bibi ni saba!"

Weee! Uani kote hakuna aliyetafuna. Bibi alisimama na upawa mkononi, ananitazama kama hanijui. Babu, ambaye siku zote aliniita mke wake na kunitania kwamba mahari yangu itamfilisi, aliongea bila utani wowote: "Mke wangu, rudisha penseli yako kwenye daftari." Shangazi Naomi akasonya. "Watoto wa mjini hawa!" Kisha mtu akaomba chumvi, mazungumzo yakarudi, na mimi nikaandika saba, nikapigia mstari chini kwa rula.

Kesho yake asubuhi Baba mdogo Eliya alipanda juu ya mti wa mgrevilia kupunguza matawi yaliyoziba kahawa za Babu. Nilikuwa nateka maji bombani. Nilisikia tawi likikatika, halafu kishindo, halafu Babu akiita jina la mwanawe, kwa sauti ambayo sikujua kwamba mzee anaweza kuitoa. Walimpakia kwenye pikapu ya jirani, wakampeleka hospitali ya misheni. Macho amefumba, damu inamtoka sikioni. Alikuwa hajafikisha miaka ishirini na mitano, ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na nilimpenda kuliko nilivyowapenda wengine wote sita. Naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mchana ule nilipeleka kuni jikoni, nikamsikia Shangazi Naomi akimwambia Mama, "Si mlisikia wenyewe? Saba, kwa sauti, tena anawanyooshea." Mama akamwambia anyamaze. Hakunyamaza. "Nasema tu nilichokiona."

Niliziweka kuni chini taratibu, nikaenda kujificha kwenye banda la ng'ombe. Nilikuwa nimemuua Baba mdogo. Hakuna aliyeniambia kwa maneno hayo, lakini mimi nilijua kujumlisha.

Kwanza nilifuta ile saba kwa ufutio hadi karatasi ikatoboka. Haikutosha, kwa sababu nilikuwa nimeisema kwa mdomo. Nikaona dawa yake ni kurudisha hesabu nyuma, kama unavyofungua fundo. Nikafumba macho, nikaanza: saba, sita, tano, nne. Kila namba nikiona uso. Nilipofika moja nikashtuka. Mungu wangu, nimebakiza mmoja! Nimewapunguza wote, na Baba yangu mwenyewe yumo! Nilianza kuhesabu tena kwenda juu, haraka haraka, nikachanganyikiwa, sikujua tena nimeishia wapi na nani yuko hai. Nikalia kilio cha kujiziba mdomo na gauni.

Bibi alinikuta hapo. Alikuwa ametoka hospitali kuja kukamua, maana ng'ombe hajui kwamba una mgonjwa. Alisimama mlangoni na ndoo yake, macho mekundu.

"Mama," alisema, hivyo ndivyo alivyotuita wajukuu wa kike. "Unafanya nini humu?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia na ile ya kurudi nyuma. Nilimwuliza kama Baba mdogo ameshakufa.

"Anapumua," Bibi alisema. Akageuza ndoo, akaikalia. Aliangalia mikono yake. "Ulihesabu ukapata wangapi?"

"Saba."

"Basi ulikosea."

Nilimwangalia nikidhani nimesikia vibaya. Mimi? Nikosee kuhesabu hadi saba?

Bibi alinyoosha mikono yote miwili, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja. "Naomi," alisema. "Moja." Sikuwahi kumsikia akitamka namba juu ya mtu. "Baada ya Naomi alikuwepo Eliamani. Huyo humjui. Alishaanza kutembea, anaita mama, anaita mbwa, surua ikamchukua. Mbili. Halafu baba yako. Tatu." Aliendelea hivyo, jina na namba, hadi kwa Eliya. "Nane." Akagusa kidole kilichofuata. "Baada ya Eliya nilizaa mwingine. Alikuja alfajiri, jua halijapanda akaenda zake. Hakubatizwa, jina hakupata. Sina namna ya kumwita."

Akakunja kidole.

"Tisa."

Aliisema kwa sauti, pale mbele ya ng'ombe, kwa Kiswahili cha shuleni kabisa, ili nisije nikasema sikuelewa. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Umeona? Hesabu yako ilikuwa mbovu. Mwalimu wako angekupa kosa. Kitu kibovu hakimwangushi mtu mtini. Aliyehesabu sawasawa ni mimi, leo, kwa mdomo wangu. Kama kuna kitu kinatafuta mtu, kitakuja kwangu. Wewe hayakuhusu tena. Haya, nishikie ndama."

Nikamshika ndama. Jioni ile nilikula, nikalala.

Baba mdogo Eliya alifumbua macho siku ya tatu, akauliza nani ataumalizia ule mti. Mguu mmoja haukunyooka vizuri hadi leo. Mimi niliendelea kumchunga Bibi kwa miaka. Akikohoa, namkimbilia. Akichelewa kurudi kanisani, nasimama barabarani. Lakini aliishi, ashukuriwe Mungu. Alimzika Babu, akanichezea ngoma siku ya harusi yangu, akawapakata wanangu. Hatukulizungumza tena lile la bandani, na sikumsikia akihesabu mtu mwingine.

Wiki iliyopita Neema, binti wa kaka yangu, alianzisha kundi la WhatsApp ili tuandike ukoo kabla sisi wazee hatujaisha. Ndivyo alivyosema, na simlaumu. Akauliza: Bibi alizaa watoto wangapi? Watu wakajibu mbio. Saba. Saba. Saba, na vidole gumba chungu nzima. Mimi nikaandika: Tisa.

Simu ikaita palepale. Ni Baba mdogo Eliya, kutoka kwake Kisongo.

"Mwanangu, hao wawili umewatoa wapi?"

Nikamsimulia. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

"Kwa hiyo mimi siyo kitindamimba," alisema nilipomaliza, na nikamsikia analia, mzee mzima wa miaka yake. Nikalia naye. Tulilia hadi salio lake likaisha.

Neema ameshauchora ukoo. Aliniuliza kwenye kisanduku cha mwisho aandike jina gani, nikamwambia aandike namba, tisa, aache hivyo hivyo.

Tangu hapo watu wananiuliza, mwalimu mzima, kama kweli naamini kuhesabu watu kunaleta kifo. Siamini. Nimehesabu wanafunzi kila asubuhi kwa miaka thelathini na nikawaona wakikua. Lakini Bibi aliamini. Aliamini kama alivyoamini kwamba Jumapili ina ibada, na mwanawe alikuwa amelala hospitali macho yamefumba, na bado alikaa juu ya ndoo akawahesabu watoto wake mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, ili mimi nipate kula.