Siku Nilipomwamkia Mkwe Nikiwa Juu ya Bati

Jamani, haya nayasimulia kwa sababu Nyabiyonza nzima inayajua tayari, na wengine wanayatia chumvi, kwa hiyo bora myasikie kwangu mwenyewe, japo aibu bado inanichoma.

Baba yake Adela, mchumba wangu, alikuwa anakuja kutoka Ihanda kuona nyumbani kwetu kabla hajakubali tupange harusi. Alitoa sharti moja tu, asiikose ibada ya kumsimika askofu iliyokuwa inarushwa Jumapili hiyo kwenye televisheni. King'amuzi chetu kilikuwa kimeungua kwa radi, jirani akajitolea kutuazima chake pamoja na televisheni, nami (kichwa changu hiki!) nikasema hapana, nina kadi ya televisheni ndani ya kompyuta, inatosha. Nilitaka mzee aone binti yake anaolewa na mtaalamu.

Asubuhi kadi ikagoma. Kompyuta haikuiona kabisa, nikafungua kasha, nikaichomoa, nikapuliza vumbi, nikaikandamiza tena mpaka ikakaa, ikaonekana, nikamshukuru Mungu, nikatafuta chaneli, ikatafuta weee mpaka mwisho, haikupata hata moja. Nikaweka programu upya, wapi! Jasho linanitoka, Mama yuko jikoni nyuma ya nyumba na ndizi zake, kila mara anauliza, "Imeshika?" nami nawaza nikimkosa Adela kwa sababu ya kidude hiki nitamweleza nani. Nikaamua kosa ni la antena. Nikapanda juu ya bati na kaptula yangu ya shambani (ile iliyochanika nyuma), nikamwacha mdogo wangu Koku sebuleni mbele ya kompyuta aniambie kinachoonekana.

Nikaigeuza antena upande wa Bukoba, kimya. Nikaigeuza tena, kimya. Hasira zikanipanda, nikapaza sauti, "Unaona nini wewe mjinga? Mdomo umeshonwa?"

"Mimi mjinga naona giza tu, mwanangu," ikajibu sauti nzito ya kiume.

Kumbe mzee alikuwa amefika mapema, akapita njia ya migombani, Koku akampisha kwenye kiti na kukimbilia chumba cha ndani kumletea mgeni kahawa ya kutafuna, kama desturi yetu. Mzee akatoka nje uani, akainua macho. Kwetu mkwe unamwamkia umeinama mbele yake, na mimi nilikuwa juu ya kichwa chake, kaptula inapepea.

"Shikamoo, baba!"

Hakuitikia. Nikashuka mbio, mguu ukakosa ngazi, nikatua katikati ya kahawa aliyoianika Mama.

"Waitu, kahawa yangu!" Mama akalia, wala hakuuliza kama nimevunjika.

Nikaenda kujificha nyuma ya kompyuta, nikahangaika nayo mpaka mchana, na hapo ndipo nilipoona kadi ina matundu mawili, moja la televisheni na moja la redio, na waya wa antena nimeuchomeka mwenyewe kwenye la redio. Nikauhamisha. Picha ikaja safi kabisa, waumini wanatoka kanisani wanakwenda kwao.

Mzee alikula, akaaga, akashika njia ya Ihanda bila kugusia harusi. Siku zilizofuata simu ikilia nashtuka, isipolia nashtuka zaidi. Mwishowe Adela akapiga.

"Baba amekubali," akasema, nikakaa chini palepale. "Ila anasema siku ya harusi usiguse kitu chochote chenye waya."

Nikamwambia amjibu baba kwamba naapa, hata suti yangu ataipiga pasi Koku.