Barakoa ya Lesi ya Isolde

Ukimwondoa marehemu mama yake, hakuna mtu mjini Plauen aliyejua kufua kumshinda Roswitha Wunderlich, na mwenyewe alilijua hilo wala hakulionea haya. Doa la damu alilitoa kwa maji ya baridi na chumvi, la mafuta kwa chaki na pasi, na la uvivu, alikuwa akisema, halitoki kwa dawa yoyote. Alianza kazi katika kiwanda cha lesi akiwa na miaka kumi na minne. Kwa miaka thelathini na mitano kazi yake ilikuwa ile ile: kukaa dirishani, kuipitisha lesi mikononi, kutafuta uzi uliokatika na kuuunga kwa sindano hata fundi aliyeifuma asijue palipokuwa na kasoro. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, kiwanda nacho kikafungwa. Wenzake wengine walihamia Magharibi, wengine wakakaa kulia. Roswitha alinunua cherehani iliyotumika, akawa anazipanua suruali za watu kiunoni, maana nyama sasa ilikuwa imejaa madukani.

Hakuolewa. Mwanamume aliyemposa alitaka wakaishi Rostock, naye hakuona faida ya kwenda kuishi mahali asipokuwapo mdogo wake, Isolde. Isolde na mumewe Siegmar walikaa ghorofa ya tatu, Roswitha ya pili, na kati yao palikuwa na vidato kumi na vinane tu. Hivyo vidato ndivyo vilikuwa safari yake kubwa maishani, kila siku, mara nne au tano, kupanda na kushuka.

Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka ule, na watu wakaamriwa kufunika pua na midomo, madukani hapakuwa na barakoa hata ya dawa. Roswitha alifungua kabati, akatoa mashuka mawili ya mama yake, akayakata. Kwa wiki moja alishonea jengo zima, kaya sita, na kila barakoa akaitia pembeni herufi za jina la mvaaji kwa uzi mwekundu, kama walivyokuwa wakitia kwenye mashuka ya bibi harusi. Tangazo la mji alilibandika mwenyewe kwenye mlango wa chini: barakoa za kitambaa zifuliwe kwa nyuzi joto sitini au zaidi, au zichemshwe. Halafu, kwa kuwa hakumwamini mtu yeyote na sabuni, akatangaza kwamba atazifua yeye.

Kila Jumatatu na Alhamisi ndoo yenye kifuniko iliwekwa pale ngazi zinapokata kona. Watu walitumbukiza zao, Roswitha akaibeba ndoo hadi jikoni, akazimimina kwenye sufuria kubwa na kuzikoroga kwa mwiko ambao tangu siku ile haukugusa chakula tena. Zikichemka vya kutosha alizisuuza, akazianika, akazipiga pasi ya moto. Jioni kila mtu alikuta zake ndani ya bahasha kwenye kitasa cha mlango wake.

"Bi Wunderlich!" aliita Bwana Dietz wa chini kila aliposikia mvuke unanukia ngazini. "Leo supu ya nini?"

"Ya midomo yenu, Bwana Dietz. Yako imehitaji maji mara mbili."

Aliyelalamika alikuwa Isolde peke yake. Isolde alikuwa mtu wa urembo. Aliimba kwaya ya kanisa miaka arobaini, na hata kwenda kutupa takataka hakwenda bila kupaka midomo rangi.

"Dada, nikijitazama kwenye kioo namwona daktari wa ng'ombe," alisema.

"Bora daktari kuliko ng'ombe."

"Wewe cheka tu. Watu hawanioni tena. Nimekuwa macho matupu."

Roswitha alicheka, lakini maneno yale yalimkaa. Isolde alipotimiza miaka sabini na sita, mwezi wa Oktoba, alikuta kwenye kisahani chake cha keki barakoa nyeupe ya tabaka mbili za pamba, na juu yake lesi ya waridi, kazi ya kiwandani kwao enzi zile, kipande ambacho Roswitha alikuwa amekitunza miaka thelathini bila kupata shughuli inayokistahili. Isolde aliivaa hapo hapo, akalia hadi ikalowa.

"Haya, mke wangu sasa amekuwa dirisha," alisema Siegmar. "Kavalishwa pazia."

"Nyamaza wewe, shemeji. Wewe ukivaa yako, watu wanamshukuru Mungu."

Tangu siku ile Isolde hakutaka kuvaa nyingine. Zile za shuka zilibaki drooni. Kwa mwoka mikate alivaa ya lesi, kwenye duka la dawa alivaa ya lesi, kanisani ya lesi, na wanawake walimsimamisha barabarani wamuulize ameitoa wapi. Alikuwa ameonekana tena.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilianzia hapo. Lesi haichemshwi. Roswitha alifundishwa hivyo siku yake ya kwanza kiwandani, na msimamizi mwanamke aliyewaambia wasichana wote waliojipanga mbele yake: lesi haichemshwi, kama vile mtoto mchanga hachemshwi. Uzi ule mwembamba hujikunja na kugeuka manjano, na kazi ya wiki tatu huishia kuwa tambara. Kwa hiyo Alhamisi barakoa zote za jengo ziliingia sufuriani, na ya Isolde iliingia kwenye beseni la maji vuguvugu yenye povu la sabuni laini, ikabanwabanwa kwa viganja, ikanyooshwa kwa pini juu ya ubao. Tangazo alilijua, si yeye aliyelibandika? Mara moja tu, katikati ya Novemba, wakati magari ya wagonjwa yalikuwa yakipita mchana kutwa, aliishika barakoa ile juu ya mvuke, tayari kuitumbukiza. Ikamwuma kuiharibu kazi nzuri kama ile. Akairudisha kwenye beseni.

Jumapili ya kwanza ya Majilio Isolde hakuwa na sauti. Jumatano wahudumu wa gari la wagonjwa walikuja kumchukua, wamejifunika mwili mzima, na Roswitha hakuruhusiwa hata kukanyaga kidato. Walizungumza kwa simu mara tatu. Mara ya mwisho Isolde alihema baada ya kila neno.

"Dada. Nani anampikia Siegmar?"

"Mimi. Namwekea mlangoni."

"Usimpe kabeji. Atakula yote halafu atalalamika."

Alifariki tarehe tisa Desemba. Majivu yake yalingoja hadi katikati ya Januari, maana wafu walikuwa wengi na mahali pa kuwachomea palielemewa. Makaburini waliruhusiwa watu kumi, wakasimama mbalimbali juu ya theluji. Kuimba kulikuwa kumekatazwa. Mwanamke aliyeimba miaka arobaini alizikwa kwa maneno ya mchungaji na mlio wa kunguru, na Roswitha alisema baadaye kwamba hilo lilimuuma kuliko udongo.

Mfuko wa vitu vya marehemu ulitoka hospitali, Siegmar akashindwa kuufungua, akamkabidhi shemeji yake. Ndani mlikuwa na miwani, nguo ya kulalia, na barakoa ya lesi, nyeupe bado, ina alama hafifu ya rangi ya midomo kwa ndani. Roswitha aliiweka sufuriani. Aliichemsha mchana mzima, akiongeza maji kila yalipopungua, hadi waridi zikajikunja zote zikawa kama uchafu wa sinki. Alijua haisaidii kitu. Alitaka tu kuona ingemgharimu nini kufanya vile mwezi wa Novemba, na akaona: kitambaa. Kitambaa tu.

Alimpigia simu daktari wao wa siku zote, akamweleza. "Ugonjwa ule huingia kwa milango mingi, Bi Wunderlich," daktari akasema, "na sabuni nayo si haba." Maneno mazuri, lakini yeye hakuomba habari za milango mingi. Aliuliza habari za mmoja. Usingizi ukamhama, na sindano aliyoishika tangu utotoni ikawa haimtii. Akaamua atamwambia Siegmar. Alikuwa mume, alikuwa na haki ya kujua. Na kama angemfukuza, basi amfukuze.

Jumapili ya mwisho ya Januari, baada ya ibada ya redioni, alipanda vidato vyake na sufuria ya madonge ya viazi na mchuzi wa nyama. Siegmar alikuwa mezani, amevaa shati safi. Taa ya upinde ya Krismasi bado ilikuwa dirishani, hapakuwa na mtu wa kuitoa. Roswitha alipakua, akakaa.

"Shemeji, nina neno."

"Ngoja," alisema Siegmar. "Na mimi ninalo. Niache nianze mimi, nikikaa nalo tena sitaliweza."

Akaeleza, macho kwenye sahani. Mwezi wa Novemba alimwambia mkewe anakwenda kukifunga kibanda cha bustani kwa ajili ya baridi. Kweli alikwenda. Lakini ndani ya kibanda walikuwa wanaume wanne kuzunguka jiko la kuni, wanacheza karata, barakoa ziko mifukoni. Jumanne tatu mfululizo. Mmoja wao, Lothar, akaugua.

"Alinipigia simu kunionya. Nikanyamaza. Mimi sikukohoa hata mara moja, nikasema basi, limepita. Nikaendelea kulala na mke wangu kitanda kimoja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyemuua, Roswitha. Sasa niambie utakalo."

Kitu cha kwanza kilichomjia Roswitha hakikuwa hasira wala huruma. Ilikuwa nafuu. Mabega yalishuka kama mtu aliyetua mtungi. Papo hapo akajichukia kwa ule wepesi. Nani ajuaye ni mlango upi? Hakuna aliyejua wala atakayejua. Na maneno ya kumwambia mzee huyu yalikuwa tayari, aliyapanga wiki nzima, mafupi: hauko peke yako. Yangemtosha. Wangeubeba mzigo ule wawili. Hakuyasema. Mimi ninayesimulia sitamtetea hapa, maana mwenyewe hakujitetea.

"Hukujua, shemeji," alisema.

"Nilijua."

"Hukujua vya kutosha."

Siegmar akaukamata mkono wake juu ya meza, akauinamia, akalia kama alivyokuwa hajalia makaburini. "Nilidhani utashuka ngazi hizo usirudi tena," alisema. "Sina mtu mwingine." Baada ya muda akainua kichwa, akatafuta leso. "Na wewe? Ulitaka kusema nini?"

Roswitha alimtazama.

"Nilitaka kukuuliza kama mchuzi umekolea chumvi."

Siegmar akachovya kijiko, akaonja, machozi bado yako kwenye masharubu. "Umekolea," alisema. "Umekolea sana, ahsante."

Siegmar aliishi mwaka mmoja na miezi miwili zaidi. Kibanda cha bustani alikiuza, karata alizitia jikoni zikaungua, na nguo zikazidi kumpwaya, Roswitha akizipunguza. Kila Jumapili, kabla hawajagusa kijiko, alifumba macho akamshukuru Mungu kwa dada wa mke wake, mwenye moyo safi, aliyejua yote wala hakumlaumu. Na Roswitha, upande wa pili wa meza, aliitikia amina.