Mzee Hezroni Ashuka Ukinga Bila Kukanyaga Chini

Ipinda ya miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu alikuwa na kitu kipya cha kuringia. Mmoja alipata redio ya kaseti kutoka ng'ambo ya mto Songwe, mwingine suruali ya mtumba yenye mifuko magotini, mwingine sabuni iliyonukia mpaka ibada ikavurugika. Hezroni Mwakasula, mkulima wa mpunga na mzee wa kanisa, alipata baiskeli ya gia.

Baiskeli Kyela si habari. Nchi yetu ni bapa kama ungo, na mtoto hujua kuendesha baiskeli kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Baiskeli hubeba mpunga, ndizi, mgonjwa, hata jeneza likibidi. Lakini hii ya Hezroni haikuwa ya kubeba. Ilikuwa na matairi manene yenye meno kama ya trekta, na haikuwa na keria, wala kengele, wala madigadi. Mzungu mmoja aliyeizungusha Malawi nzima aliichoka, akawaachia wafanyabiashara wa Kasumulu mpakani, na Hezroni akatoa ng'ombe ili aichukue.

Mkewe, Naomi, aliizunguka ile baiskeli kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba.

"Keria iko wapi, Baba Tuntufye?"

"Hii si ya kubebea mizigo. Ni ya milima."

"Na mlima uko wapi hapa Ipinda?"

Hezroni akanyoosha kidole mashariki, ilikosimama milima ya Ukinga juu ya ziwa. Siku isiyo na mawingu huonekana njia nyembamba inayoteremka kutoka juu mpaka Matema. Hezroni alikuwa akiitazama njia ile tangu alipokuwa kijana wa mafundisho ya kipaimara. Alikuwa amemwona fundi mmoja wa misheni akiishuka kwa baiskeli, kofia imepeperuka, watu wa Matema wamesimama wakipiga makofi. Makofi yale hayakumtoka masikioni. Alioa nayo, akazaa nayo, akazeeka nayo, na sasa alikuwa na baiskeli.

Kitu cha pili alichokipenda Hezroni, baada ya makofi, kilikuwa kusema mbele za watu. Msibani alisema, harusini alisema, kwenye kikao cha kusafisha mfereji alisema mpaka mfereji ukajaa tena. Na mada yake ilikuwa moja, heshima. Dunia imeharibika, vijana hawana heshima, wanawake wanafanya biashara na heshima imekwisha.

Hapo lazima nimtaje Atuganile, mke wa mwanawe Tuntufye. Desturi yetu Wanyakyusa ni kwamba mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Akimwona njiani, mwanamke hupisha, hugeuza mgongo, hungoja mzee apite. Hawasemezani wala hawakai chumba kimoja. Ni desturi ya wazee, na ilikuwa na maana yake. Lakini miaka hiyo watu wengi walikuwa wameilegeza, maana wanawake walikuwa barabarani kutwa na mizigo yao, na huwezi kujificha kila dakika ukiwa na chungu kichwani. Hezroni hakulegeza kitu. Ruksa ilikuwa ya redio na baiskeli, haikuwa ya wakwe.

Basi alipomwona Atuganile kwa mbali alipaza sauti, "Njia!" Na yule mama, mzigo wake kichwani, alishuka kwenye jaruba la mpunga, tope mpaka magotini, akasimama amempa mgongo. Hezroni alipita polepole, akibadilisha gia ambazo nchi bapa haizihitaji. Nasema wazi kwamba alifurahia. Kuna watu huhitaji kumwona mwenzao topeni ndipo wajue kwamba wao wako barabarani.

Ile ahadi aliitoa kwenye kibanda cha Lameck, fundi baiskeli, mbele ya wanywa chai wote. "Jumamosi ya gulio nitashuka kutoka Ukinga mpaka gulio la Lyulilo, pale Matema, bila kukanyaga chini. Mguu wangu ukigusa ardhi kabla ya gulio, msinisikilize tena katika kikao chochote."

"Chochote?" Lameck aliuliza, na macho yake yakang'aa kwa matumaini.

"Chochote."

Habari zilifika Matema kabla hata Hezroni hajajaza upepo. Sijawahi kuona watu wakiitakia safari ya mwenzao mabaya kwa upendo kiasi kile.

Alijiandaa kama bwana harusi. Alijipatia kaptula nyeusi ya mtumba ya kubana, aliyoambiwa ndiyo sare ya mchezo huo, ingawa Naomi alipoiona aliomba wajukuu waondolewe. Kisha akachukua mawese, mafuta yetu mekundu ambayo hapa hupakwa kila kitu kinachotakiwa kung'aa, akaipaka baiskeli yote, fremu, spoki, na rimu ndani na nje. Ilimeremeta. Lameck alipoiona alikuna kichwa.

"Mzee, rimu nazo? Breki zitashika nini?"

"Nani hutumia breki hapa?"

Na kweli, hakuna. Kyela mtu akitaka kusimama huburuta kandambili, biashara imekwisha. Hezroni alikuwa ameendesha baiskeli maisha yake yote bila kujua breki ni za nini, na sasa alikuwa ameapa kutotumia miguu.

Ijumaa aliisukuma baiskeli mlimani kutwa nzima. Penye mawe aliibeba begani. Wakinga waliokuwa wakiteremka na viazi walisimama kando kumpisha, wakaulizana nani hapo anampanda nani. Alilala kwa mwenyeji wake juu, akaota makofi.

Asubuhi alipanda baiskeli pale njia inapoanzia. Ziwa lilikuwa chini, limetandikwa mpaka Malawi, na gulio la Lyulilo lilionekana kama punje za mchele zilizomwagika ufukweni. Moyo wake ulijaa, na sitamcheka kwa hilo. Mtu aliyengoja miaka mingi hivyo ana haki ya kujaa moyo. Akajisukuma.

Kona ya kwanza ilikuwa tamu. Upepo ulimpiga kifuani na akasikia amerudishiwa ujana wake wote kwa pamoja. Kona ya pili alibana breki kidogo, na mpira ukateleza juu ya mawese kama kambare mkononi. Kona ya tatu alizibana zote kwa nguvu zake zote na mwendo ukazidi. Mguu wake wa kulia, wenye akili kuliko mwenyewe, ulijinyoosha kutafuta ardhi. Hezroni akaurudisha. Alikumbuka vikao. Alikumbuka uso wa Lameck. Afadhali kufa kuliko kunyamaza.

Kona ya nne hakuiona. Baiskeli iligonga jiwe, ikaruka, naye akaruka nayo, wakaingia pamoja kwenye kichaka cha miiba chini ya njia.

Alipopata fahamu alikuwa amelala chali, baiskeli juu yake, kifundo cha mguu wa kushoto kimebanwa kati ya fremu na pedeli. Kaptula ilikuwa imepasuka nyuma tangu mwanzo hadi mwisho. Mgongo ulikuwa chini, kichwa kilikuwa chini, lakini miguu yote miwili ilikuwa hewani. Hezroni aliiangalia vizuri, akaridhika. Ahadi ilikuwa bado nzima.

Alipiga kelele mpaka koo likakauka. Wakinga wa gulio walikuwa wameteremka alfajiri. Njia ilikuwa tupu, na mawingu yalianza kujikusanya juu ya mlima. Hofu ikamwingia, si ile ya kuchekwa, bali ya kufia pale kama mbuzi aliyeanguka. Ndipo akasikia hatua.

"Nisaidie! Yeyote! Nisaidie!"

Hatua zikakaribia, zikasimama, kisha zikaruka nyuma. Alipofanikiwa kugeuza shingo aliona mwanamke amechuchumaa njiani, kiroba cha maharage aliyonunua juu kwa Wakinga kando yake, amejitanda khanga kichwani na amempa mgongo. Mgongo ule aliujua. Kwa miaka yote ile hakuwa ameona kingine cha Atuganile.

Baba mkwe na mke wa mtoto wakilazimika kuelezana jambo, humtumia mtu wa tatu, na pale hapakuwa na mtu wa tatu.

"Baiskeli, ugonile," hatimaye Atuganile aliamkia kwa Kinyakyusa, bila kugeuka. "Mwambie tata, baba yangu, pole."

Hezroni naye akaisemesha fremu. "Baiskeli, mwambie huyo mama aje aniondoe hapa."

"Baiskeli, mwambie tata mwiko ni mwiko. Alinifundisha mwenyewe, majarubani."

"Mwambie leo ni dharura!"

"Mwambie tata, masika yale nilipokuwa na mimba ya Aliko, mvua inanyesha na mfereji umejaa, aliniambia 'Njia,' nikashuka majini mpaka kiunoni. Nilishika tumbo langu hivi. Ile haikuwa dharura?"

Hezroni aliikumbuka siku ile. Alikumbuka hata kengele aliyoipiga kwa baiskeli yake ya zamani. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayoumiza kuliko miiba.

"Baiskeli," akasema kwa sauti ndogo, "mwambie..."

"La. Baiskeli imechoka. Aseme tata mwenyewe. Aseme kama njia ni ya wote au ni yake. Akisema, nitageuka. Asiposema, nina maharage ya kuuza."

Tone la kwanza la mvua lilimwangukia Hezroni kwenye paji la uso.

"Atuganile mwanangu," akasema. "Njia ni ya wote. Sitakutia topeni tena. Nisamehe."

Akageuka. Wakatazamana. Hezroni aliona kwamba mke wa mwanawe ana mwanya katikati ya meno, kama marehemu mama yake mwenyewe, na kwamba yeye mzee alikuwa akila chakula cha mikono yake siku zote hizo bila kujua uso wake. Atuganile hakucheka. Alivua khanga, akamrushia ajifunge kiunoni, kisha akaingia miibani na kuinyanyua ile baiskeli kama anyanyuavyo chungu.

Kifundo kilikuwa kimevimba. Kutembea hakukuwezekana.

"Panda juu, tata. Nitakushikilia."

"Lakini mwanangu, ile ahadi yangu..."

"Naijua. Kyela nzima inaijua. Panda."

Akamnyanyua kwa makwapa na kumkalisha juu, miguu hewani. Lilibaki swali la kiroba. Baiskeli haikuwa na keria. Walilitazama pengo hilo kwa pamoja, kisha Atuganile akakinyanyua kiroba na kumtwika baba mkwe wake kichwani.

Hivyo ndivyo Hezroni Mwakasula alivyoshuka njia ya ndoto zake. Breki zilikuwa visigino vya Atuganile, vilivyochimba ardhi kila penye mteremko mkali. Gulio zima liligeuka kuwatazama. Wauza vyungu wa Kikisi waliacha kupatana bei. Mzee wa kanisa alikuwa akiingia Lyulilo amevaa khanga, maharage kichwani, anasukumwa na mkwe wake aliyetembea katikati ya njia, uso wazi. Lameck alichungulia miguu ya Hezroni, yote miwili, kwa makini.

"Haikugusa," akatangaza kwa huzuni. "Ameshinda."

Ndipo watu wakapiga makofi. Walipiga mpaka machozi yakawatoka, na vicheko vikafika kijiji cha Ikombe, mbele ufukweni. Makofi aliyoyangoja maisha yake yote aliyapata, kamili, wala hakuna aliyemdhulumu hata moja.

Haki yake ya kusema ilibaki palepale. Msibani watu humwachia nafasi, humtazama, hungoja. Hezroni husimama, hukohoa, husema "Poleni sana," kisha huketi. Vikao Ipinda vimekuwa vifupi mno.

Baiskeli ile Lameck aliifunga keria, na ni Atuganile anayeitumia kupeleka vyungu. Hezroni amerudia ile yake kuukuu. Wakikutana kwenye barabara ya Matema, iliyo pana ya kuwatosha wote wawili na ng'ombe wao, mzee hushuka mwenyewe, akaingia na baiskeli yake kwenye jaruba, tope mpaka magotini. Hakuna aliyemwamuru.

"Shikamoo, tata," Atuganile humwamkia akipita, akimtazama usoni.

"Marahaba, mwanangu," hujibu Hezroni kutoka topeni, na hungoja mpaka apite.