Demeta wa Dunguni

Harufu ya pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, hunirudisha Mahege, kwenye dungu letu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba. Mpunga ulipoanza kuzaa, mimi na Bibi tulihamia humo kuwinga ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi, na Mama hakuwapo. Alikuwa ameolewa mara ya pili huko Ngarambe, na mwanamume ambaye Bibi hakumtaka, na maneno makali yakamtenganisha na Bibi, mama yake mzazi. Bibi aliapa kwamba hatamwita. Nilimkumbuka Mama mpaka kifua kikauma, lakini jina lake lilikuwa halitajwi.

Nilikuwa na kitabu kisicho na jalada, nilichopewa na muuza karanga wa Ikwiriri baada ya kuchana kurasa za mwisho kufungia karanga zake. Kilieleza miungu ya Wagiriki wa kale: Zeu mwenye radi, Poseidoni mwenye bahari, Demeta mwenye nafaka. "Astaghfirullah, Mungu ni mmoja," Bibi alisema, kisha akasogea karibu. "Haya, soma hivyo visa. Huyo wa nafaka anawinga ndege na nani?"

Nikamsomea jinsi mfalme wa kuzimu alivyomchukua binti wa Demeta akamwoa, na Demeta akasusa, mbegu zisiote tena. Bibi akaacha kuvuta kamba ya makopo ya kutishia ndege, nao wakashuka kwa raha zao. "Binti alirudi?" akauliza. Ukurasa uliofuata haukuwapo. Nikadanganya: "Alirudi, Bibi. Mama yake alimpelekea chakula cha kwanza cha shamba."

Asubuhi alikata masuke mabichi, akakaanga, akatwanga, akafunga pepeta kwenye kitambaa, akampa dereva wa bodaboda aliyekuwa akienda Ngarambe. "Mwambie simwiti. Ni chakula tu." Siku ya nne Mama alitokea kwenye njia ya shamba, bado anatafuna. "Umechelewa, ndege wametumaliza," Bibi alimwambia. Nililia kwa furaha, bila kujificha.

Siku hizi naishi Kibiti, na mwisho wenyewe nimeusoma kwenye simu: binti hurudi kwa miezi kadhaa tu, kisha huenda tena kwa mumewe. Juzi nilikwenda kumwungamia Bibi, ambaye bado hataki kusikia habari ya kuacha dungu. Akacheka. "Nilijua umetunga, macho yako hayakuwa kitabuni. Kwani huyu wangu si hivyohivyo, anakuja, anakwenda?" Kisha akampigia kelele Mama, aliyefika jana yake kutoka Ngarambe, aje ashike kamba.