Kanga Kwenye Kona ya Mbega

Kila jioni, kabla hajavua viatu wala kuomba maji ya kunywa, Mwishehe husimama kizingitini na kumwambia mkewe, "Mlimani kwema." Ashura humjibu, "Alhamdulillahi," akaendelea kukuna nazi. Miaka yote hiyo aliyachukulia kuwa maneno ya dereva: gari halikukwama, breki hazikukataa.

Mwishehe aliendesha lori la abiria la Bwanaheri, kutoka Bagamoyo kupitia Fukayosi na Msata mpaka Miono na vijiji vya mbele yake. Baada ya Miono njia hupanda vilima vya msitu. Mivule hukutana juu ya barabara, hewa hupoa ghafla, na penye kona kali mbega huruka tawi kwa tawi kama mashekhe waliovaa majoho. Abiria wa pwani hujitanda kanga zao, na wazee huacha ubishi wakatazama. Karibu na kona hiyo ndipo alipozaliwa Ashura, na mama yake, Bi Mwanaharusi, alikuwa akiishi huko bado, peke yake.

Mwaka huo ikafunguliwa barabara ya bondeni, fupi na tambarare. Bwanaheri akamwita dereva wake.

"Mwishehe, lori jipya linashuka Dar mwezi huu. Ni lako. Lakini abiria sasa ni bondeni, mlima basi. Huko litabaki lile kuukuu la kubeba magogo, na nitalitafutia mtu asiye na bahati."

"Nipe mpaka Ijumaa, bwana."

"Ijumaa ya nini? Mtu huulizwa kama anataka pilau?"

Ashura naye aliona hivyo hivyo. Dereva wa abiria husalimiwa mji mzima. Wa magogo hurudi na vumbi la mbao masikioni, hajulikani na mtu. Wiki nzima alimsihi mumewe alichukue lori jipya, naye Mwishehe akawa anasema tu, "Nitazame kwanza."

Alhamisi, jua likiwa linatua, Dija muuza samaki wa ng'onda alipita na kapu lake kichwani, amekasirika.

"Ashura! Mumeo leo katuweka juani mpaka ng'onda wangu wamekauka mara ya pili!"

"Gari limeharibika?"

"Gari zima! Kalizima Kona ya Mbega, anakodolea macho kichaka. Namuuliza, 'Baba, umeona chui?' Ananiambia, 'Kanga haipo.' Kumbe mama yako kila siku akisikia honi huanika kanga pale kichakani, mumeo akaiona, akajua kwema, akapita zake. Leo hakuna kanga."

Ashura aliweka mbuzi ya kukunia chini. "Mama ana nini?"

"Tulia, homa tu. Mumeo kaenda mpaka uani, kaupa mlango mgongo, anaita, 'Wa humo ndani hamjambo?' Na mama yako kajifunika gubigubi, anajibu, 'Hatujambo, baba, homa kidogo. Nenda, watu wanakungoja.' Wakwe wawili wanaoneana haya, na sisi tunaungua! Haya, kaenda kisimani, kajaza mtungi, kautua mlangoni kinyumenyume asije akamwona. Nusura ajikwae! Nilicheka mpaka hasira ikanitoka." Akaliweka sawa kapu lake kichwani. "Imenirudi baadaye."

Dija alipoondoka, Ashura alikaa na nazi yake mapajani. Mkwe hatazamwi usoni, hilo alilijua. Mwishehe hakuwahi hata kulitaja jina la mama yake. Na kumuuliza mkwe hali yake, kila siku, mwanamume angeanzia wapi? Akakumbuka zile "Mlimani kwema" zote, na yeye anakuna nazi bila kuinua kichwa.

Mwishehe alirudi baada ya isha. Alikuwa amepitia kwa Bwanaheri kumpa jibu. Akasimama kizingitini, akasita.

"Mlimani kuna homa kidogo," alisema. "Nilipopita alasiri nikirudi, kanga ilikuwa imeanikwa."

Ashura alimpelekea maji mwenyewe, kwa mikono miwili. Wiki nzima alikuwa amesema mengi. Sasa alikuwa na swali moja tu.

"Umemwambia Bwanaheri unachukua gari lipi?"

Mwishehe alikunywa maji yote kwanza.

"La magogo."