Mashine ya Kumrushia Mtoto Mipira

Mzee aliyeniuzia ile mashine kuukuu sokoni Walthamstow, huku ughaibuni, alisema ilitengenezwa Marekani, zamani, kwa watoto wasio na mtu wa kuwarushia mipira. Nilicheka. Binti yangu alikuwa na mimi wa kumrushia, na Jumapili, tulipotembelewa na wageni, nilimwahidi kucheza naye wakishaondoka.

Wageni waliaga mapema, ila kwetu kuaga ndiko kuanza mazungumzo. Tuliongea mlangoni, tukaongea getini, nikawasindikiza hadi kituoni, basi likatupita tukiongea.

"Shemeji, mbona watazama saa? Unatufukuza?" mgeni mmoja akaniuliza.

Nikacheka tena, nikabaki.

Niliporudi, mashine ilikuwa ikimrushia binti yangu mipira. Nilipomwomba radhi, alinijibu kwa Kiingereza, bila kugeuka, "Usijali, baba. Hii haina wageni."